Mfadhili Akiondoka, Ngoma Inabaki na Nani? Somo la Bujora kwa Waamini wa Kanda ya Ziwa

Kila mwaka, Sherehe ya Mwili na Damu Takatifu ya Kristo inapofika, watu hukusanyika Bujora, karibu na Kisesa, takribani kilomita 20 kutoka katikati ya Jiji la Mwanza kwa barabara iendayo Musoma. Huja kwa maandamano ya Ekaristi, na baada ya ibada hubaki kwa ajili ya ngoma. Wasukuma huiita sikukuu hiyo Bulabo, yaani maua, kwa kukumbuka maua yanayotandazwa mbele ya Yesu wa Ekaristi. Vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na hakuna jopo la majaji wenye kalamu na karatasi. Mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi zaidi kumzunguka.

Tumeanza na taswira hii kwa sababu inagusa swali linaloumiza vichwa vya wasanii wengi wa Kanda ya Ziwa na wa Tanzania nzima katika siku hizi: kazi ya sanaa huishije pale mfadhili wake mkuu anapofunga mkoba? Bujora imewahi kulijibu swali hili kwa maisha yake yenyewe. Tunaona ni vema sisi waamini tukalisikiliza jibu hilo, kwa maana linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Upepo wa nyakati zetu

Tukumbuke kwanza mambo yalivyo duniani. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la USAID likakoma kuendesha miradi ya misaada. Mwezi Februari mwaka huohuo Uingereza nayo ikatangaza kwamba ifikapo mwaka 2027 itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 hadi asilimia 0.3 ya pato lake la taifa. Habari hizi zilipotangazwa, wengi wetu tuliwaza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, vyandarua na zahanati. Tulikuwa na haki ya kuwaza hivyo, kwa kuwa uhai wa mtu hutangulia.

Lakini wako waliopigwa na upepo huo bila kutajwa kwenye taarifa ya habari. Kwa miongo kadhaa vikundi vingi vya maigizo, ngoma na sarakasi katika nchi yetu vimeishi kwa fedha za miradi. Kikundi hupewa ujumbe kuhusu malaria, ndoa za utotoni au usafi wa maji, kikatunga igizo, kikalicheza mwaloni na sokoni, kikalipwa posho na nauli. Kazi hiyo ilikuwa njema na tusiidharau, kwani mvuvi asiyefika semina alielimika akiwa amesimama kando ya mtumbwi wake. Hata hivyo ilikuwa na udhaifu ndani yake. Mfadhili alilipia ujumbe, naye msanii alikuwa chombo cha kuufikisha. Ujumbe ulipoisha, chombo kikawekwa kando. Baada ya miaka kumi ya kazi, kikundi kilibaki na fulana zilizochapishwa nembo ya mtu mwingine. Hakikuwa na chumba cha mazoezi, wala akiba, wala watazamaji waliozoea kukilipia.

Wazee walisema, mtegemea cha ndugu hufa maskini. Hatuitaji methali hii kwa kuwasuta wasanii, maana hata parokia zetu zimelelewa na mkono wa ng'ambo kwa muda mrefu. Tunaitaja ili tuuone ugonjwa wenyewe. Kuwa na mfadhili ni jambo jema, bali kuwa naye mmoja tu, tena anayeamua peke yake nini kifanyike, hapo ndipo penye hatari.

Padre na wazee wa Bujora

Turudi sasa Bujora. Katika miaka ya 1950, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika mzaliwa wa Quebec nchini Kanada, alianza kazi yake mahali hapo. Wenyeji walimpa jina la Fumbuka. Hakuja na mpango wa kujenga makumbusho. Alikuja kuhubiri Injili, na katika kuhubiri akatambua kwamba watu aliotumwa kwao walikwisha kuwa na lugha ya heshima, ya sifa na ya shukrani kwa Mungu, na kwamba lugha hiyo ilikuwa ndani ya ngoma, nyimbo, viti vya watemi na mapambo yao. Pamoja na wazee na wasomi wenyeji waliounda kamati ya utafiti wa mila na historia ya Wasukuma, alianza kukusanya masimulizi na vifaa. Kanisa la Bujora likajengwa kwa umbo la duara na kupambwa kwa alama za utawala wa jadi, ili Msukuma aingiapo aelewe, hata kabla ya mahubiri, kwamba anayeabudiwa humo ndiye Mtemi wa kweli.

Tuzingatie miaka. Hayo yalikuwa yakitendeka kabla Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano haujatoa, tarehe 4 Desemba 1963, hati yake juu ya Liturujia Takatifu iliyoagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi inayoustahili katika ibada. Na mwaka huohuo wa 1963 utawala wa machifu ulikuwa umekwisha kufutwa kisheria katika Tanganyika huru. Ngoma za kitemi, viti na mavazi ya enzi vikabaki bila kazi ya kiserikali. Vingeweza kuliwa na mchwa au kuuzwa kwa wasafiri. Vingi vilipata hifadhi Bujora, na mwaka 1968 Makumbusho ya Wasukuma yakaanzishwa. Hadi leo mgeni huona humo banda la kifalme lenye umbo la kiti cha enzi, nyumba ya mhunzi, vifaa vya waganga wa jadi, historia ya vyama vya ngoma, na hata pipa linalozungushwa kuonesha namna mbalimbali za kuhesabu hadi kumi zilizotumiwa na Wasukuma. Mtoto wa darasa la nne akilizungusha pipa hilo hujifunza jambo ambalo hakuna kitabu chake cha hesabu kinachomwambia: babu zake nao walikuwa watu wa fikra.

Lakini kazi hiyo, kama kazi nyingi za kimisionari, ilimtegemea sana mwanzilishi wake na misaada iliyokuja kwa kupitia yeye. Padre Clement alizeeka, na mwaka 1986 akafariki dunia. Kituo kikapita katika kipindi kigumu. Paa halingoji, na mchwa hawana msiba. Yeyote aliyewahi kuona kanisa la kigango baada ya padre mjenzi kuhamishwa anaielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Kwa nini hapakufa?

Swali la msingi kwetu ni hili: kwa nini Bujora ipo hadi leo, wakati taasisi nyingi zilizoanza kwa fedha nyingi zaidi zimetoweka? Tunaona sababu tatu.

Ya kwanza ni makao. Bujora ilikuwa na ardhi, majengo na parokia. Mkusanyiko wake haukuwa ndani ya nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba angeidai kodi ikichelewa miezi miwili. Kituo chenye makao yake kinaweza kulala njaa mwaka mmoja na kuamka. Kisicho na makao hufa katika miezi mitatu.

Ya pili ni kwamba sikukuu ilikuwa ya watu. Bulabo haikuwa shughuli ya ofisi. Mcheza ngoma wa Magu au Misungwi hakungoja barua ya mwaliko yenye bahasha. Alikuja kwa sababu chama chake cha Bagika au Bagalu kilikuwa na heshima ya kulinda dhidi ya wapinzani, ushindani ambao mapokeo yanauanzia kwa Ngika na Gumha, wachezaji wawili mahiri wa karne ya 19. Mfadhili hawezi kukuondolea kitu ambacho hakukupa.

Ya tatu ni kwamba maarifa yalikuwa vichwani mwa wenyeji. Wazee wa kamati walijua kiti hiki ni cha utemi gani na ngoma ile ilipigwa lini. Padre alipoondoka, maana ya vitu haikuondoka naye.

Makao, watu na maarifa: hivi vitatu vilishika nguzo wakati fedha ilipoyumba. Tunaomba kila kikundi cha sanaa, na kila kwaya, kijipime kwa vitu hivi vitatu kabla ya kuandika andiko jingine la kuomba ufadhili.

Mfano wa Zanzibar

Bujora haiko peke yake katika shule hii. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004 na kupata sifa duniani kote, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Waandaaji hawakuona aibu kusema wazi kwamba mfuko hautoshi. Walijipanga upya, na Februari 2017 tamasha likarudi. Mwaka 2022 ukaja mtihani wa pili: ufadhili wa Ubalozi wa Norway, uliokuwa tegemeo lao kubwa kwa zaidi ya miaka kumi, ulifikia mwisho. Hata hivyo mwaka 2023 tamasha lilifanyika. Jirani yao, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kinachofundisha taarabu na kuwalea wapigaji wa udi na kanuni, kilifika ukingoni mwa kufungwa mwaka 2019 wafadhili walipopungua.

Mifano hii inatufundisha ukweli usiopendeza. Sanaa inayofundishwa polepole, yenye wanafunzi wasio na ada na watazamaji wachache, haiwezi kujilipia yote kwa kiingilio. Anayewaambia wasanii wajitegemee na kuishia hapo, hajawahi kulipa mshahara wa mwalimu wa kanuni. Tena kiingilio chenyewe kinaweza kugeuka mfadhili mmoja mwingine. Makumbusho yanayoishi kwa watalii wanaopita kuelekea lango la Ndabaka na hifadhi ya Serengeti yalionja jambo hilo mwaka 2020, wakati ugonjwa wa UVIKO-19 ulipowazuia wageni makwao. Aliyekuwa ameegemea mgeni peke yake alianguka sawasawa na aliyeegemea ubalozi.

Serikali yetu nayo imefufua Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaotoa mikopo kwa wasanii kupitia benki. Ni hatua ya kushukuru. Lakini mkopo humfaa mwanamuziki mwenye albamu ya kuuza. Je, utamfaa anayetunza ngoma ya mtemi isiyouzwa wala kukodishwa? Lazima pawe na mlango mwingine, na mlango huo ni jumuiya yenyewe.

Jembe na ngoma

Kanda yetu haijawahi kukosa maarifa ya kugharamia sanaa yake. Ngoma ya bugobogobo ilizaliwa shambani. Kikundi cha wakulima kilikwenda kwa pamoja kulima shamba la mtu, ngoma zikilia na majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja, naye mwenye shamba akawalisha au akawapa ujira wao. Msanii na mkulima walikuwa mtu mmoja, na sanaa ilikaa ndani ya uchumi. Haikuwa pambo linaloletwa shughuli ikiisha.

Vilevile ni wakulima wa pamba wa kanda hii waliounganisha vyama vyao na kujenga, mwaka 1955, Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani. Ushirika huo ulijengwa na watu wadogo, kila mmoja akileta mzigo wake mizani, na ukawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Haba na haba hujaza kibaba, na kanda hii imekwisha kukijaza.

Maandiko Matakatifu yana kumbukumbu inayofanana na hiyo. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 35 na ya 36, Mungu anawaita mafundi Bezaleli wa kabila la Yuda na Oholiabu wa kabila la Dani, akiwajaza roho ya ustadi ili wajenge Hema. Wafadhili wa kazi hiyo ni watu waliotoka utumwani juzi. Wanawake wanasokota nyuzi kwa mikono yao, wengine wanaleta vikuku na pete, asubuhi kwa asubuhi, hata mafundi wanamwendea Musa kumwambia kwamba vitu vimezidi, naye Musa anatangaza kambini kwamba watu waache kuleta. Tujiulize: ni lini mara ya mwisho padre paroko alisimama altareni kuwaomba waamini waache kuchangia?

Tusikimbilie kuwalaumu wengine

Baadhi yetu watasema: je, ni haki kuchangia ngoma wakati darasa la shule ya parokia halina madawati? Hoja hii ni nzito, na hatuipuuzi. Palipo na mgonjwa asiye na dawa, dawa itangulie. Lakini tuwe wakweli: mara nyingi si dawa inayoshindana na ngoma katika mifuko yetu. Tunachanga mamilioni kwa ajili ya ukumbi, mapambo na picha za video za harusi moja ya siku moja. Umaskini wetu ni wa kweli, ila haueleweki kila tunapoutaja.

Wengine watauliza kuhusu imani: je, ngoma za Bagika na Bagalu hazikuambatana na dawa za kuvuta watu? Ziliambatana, na Kanisa halifichi hilo. Ndiyo maana utamadunisho ni kazi ya kupambanua, si ya kupokea kila kitu wala kutupa kila kitu. Lakini kupambanua kunahitaji kitu kilichohifadhiwa na kueleweka. Kijana asiyeijua mila yake haipambanui. Anaiacha kwa aibu mchana na kuirudia kwa hofu usiku. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1995 kwa Kanisa la Afrika, aliuhesabu utamadunisho kuwa jambo la lazima na la dharura, na mwaka 1999 aliwaandikia wasanii wa dunia nzima barua akikiri kwamba Kanisa linaihitaji sanaa.

Basi nasi tufanye toba ndogo. Askofu anapokuja kutoa Kipaimara, tunakiita kikundi cha ngoma. Kinakuja na ngoma zake juu ya daladala, kinacheza juani saa mbili, kisha kinapewa soda na ahsante. Mwimbisha kwaya anafundisha jioni nne kwa juma kwa miaka ishirini, na siku akiugua ndipo tunagundua kwamba hatukuwahi kuandika jina lake katika bajeti ya parokia. Bwana wetu alisema mtenda kazi anastahili ujira wake. Hakumtoa mpiga ngoma katika hesabu hiyo. Kama tunasikitika kwamba mfadhili wa Ulaya ameondoka, tujue pia kwamba sisi hatukuwahi kufika.

La kufanya

Hatuna dawa kubwa. Tuna mambo machache yanayowezekana. Kila shule ya Kikatoliki ya jimbo iwapeleke wanafunzi wake Bujora walau mara moja kabla hawajahitimu, na ilipe kiingilio kamili. Kila parokia inayokialika kikundi ikubaliane nacho malipo mapema na kwa maandishi, hata yakiwa madogo. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo zimezoea kuchangia misiba na ujenzi, zinaweza kutenga jambo dogo kila mwaka wakati wa Bulabo kwa ajili ya paa la makumbusho. Mwenye ujuzi wa uhasibu atoe jioni moja kwa mwezi kukisaidia kikundi kuweka vitabu vyake vya fedha, kwa kuwa mchango hukoma pale hesabu inapofichwa. Naye kijana mwenye simu amrekodi bibi yake anayezijua nyimbo za kupalilia, kabla bibi hajaitwa na Mungu.

Na vikundi vyenyewe vikubali kupungua ili vidumu. Kikundi kilichokuwa na safari kumi kwa mwaka kikiwa na mbili, lakini mbili zake chenyewe, hakijashindwa. Mfadhili mpya akija, akaribishwe kwa furaha, ila akute nyumba ina mwenyewe, ina vitabu, na ina watu ambao watabaki siku atakapoaga.

Sherehe ya Ekaristi itafika tena, na uwanjani Bujora vikundi viwili vitaanza kupiga kwa wakati mmoja. Hapo hakuna atakayeuliza fedha za mradi zimetoka wapi. Kila kikundi kitatazama kimoja tu: watu wanasimama upande gani. Ndugu waamini, safari hii swali hilo ni letu.